Siku Mzee Bakari Alipokunywa Maji Tu

Nakumbuka siku moja, Jumamosi, mwaka 2016, nilipowaalika wazee wetu waje kunisomea dua kwenye mgahawa wangu mpya hapa Rosettenville, huku ugenini kusini mwa Afrika. Nilivaa shati jeupe lenye nembo ya kampuni kifuani, viatu vinang'aa, najiona mtu mbele ya watu. Umri wangu ulishapita arobaini, lakini kwenye umiliki nilikuwa mtoto mchanga, na siku hiyo nikajichafua mbele ya wageni.

Mwanangu, ngoja kwanza nikueleze mgahawa wenyewe niliupataje. Nilianza pale nikiwa muosha vyombo, nikawa mchoma kuku, kisha msimamizi wa jikoni. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kireno, mkali wa mdomo na mwepesi wa moyo, na alipochoka aliiambia kampuni tawi lake nipewe mimi. Nasema kampuni kwa sababu mgahawa wa namna hii hauwi wako kabisa. Unatoa akiba yako yote, wao wanakupa jina lao, viungo vyao na vyakula vya kuuza, mpaka rangi ya viti wanakuchagulia. Kuku wa kwako awe sawa na kuku wa matawi yao mengine yote.

Na katika vyakula hivyo, asubuhi palikuwa na mayai na bekoni. Nyama ya nguruwe, mwanangu, juu ya jiko lilelile la kuchomea kuku. Nilipokuwa mfanyakazi nilijiambia jiko si langu, nikawa nabeba chakula changu kutoka nyumbani. Sasa jiko lilikuwa linakuja kuwa langu, na mimi ni Mwislamu, mtoto wa Tanga.

Siku ya kusaini tulikaa ofisini kwao Marshalltown. Mama mmoja wa kampuni, mtu mwenye bashasha, akanisogezea kalamu akaniuliza, "Shabani, una swali lolote?"

Nilikuwa nalo. Nilitaka kujua kama tawi langu linaweza kuachwa bila nguruwe. Lakini sisi tuliokuja mji huu na begi moja tumezoea kuambizana kwamba ukipewa, pokea kwa mikono miwili, usichunguze. Mgeni mwenye maswali mengi ataonekana mjuaji, na nafasi atapewa mwingine. Nikachekacheka, nikajibu, "Hakuna swali, mama. Sharp, kila kitu sawa." Nikasaini.

Sasa nikwambie Mzee Bakari alikuwa nani. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa Tanga kama mimi, na ndiye aliyenipokea kituoni Park Station nilipofika simjui mtu. Alinilaza chumbani kwake Joubert Park, tukala sinia moja miezi mingi. Nilipopata kazi ya kuosha vyombo alinitania kila Ijumaa: "Siku utakapokuwa na mgahawa wako, Shabani, nitakula pale mpaka nibebwe." Nilipokuwa nachoma kuku wa watu, nilikuwa namuona yeye amekaa meza ya dirishani, anakula kwangu. Hicho ndicho nilichokitaka. Mengine yote yalikuwa ziada.

Basi Jumamosi ile walikuja wazee, wakasoma dua, ubani ukafukizwa, sahani zikapangwa. Mzee Bakari alikuwa amekaa palepale dirishani. Akainua macho kwenye picha kubwa za vyakula ukutani, akayaona mayai na bekoni yake. Kisha akaangalia jikoni, akaliona jiko ni moja. Alichukua chupa ya maji, akaifungua mwenyewe, akanywa. Wazee wengine walimtazama yeye, nao wakavuta chupa za maji.

Mpishi wangu, Papa Dieudonné wa Bukavu, akaninong'oneza kwa Kiswahili cha kwao, "Patron, bazee habakule. Chakula iko mubaya?"

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona maishani, kuku wanapoa na mimi nimesimama na shati langu la nembo. Wakati wa kuondoka Mzee Bakari alinishika mkono akasema taratibu, "Nimekuombea kwa moyo wote, mwanangu. Nitakuja kula ukiwa tayari."

Angenitukana ningepata nafuu.

Baada ya muda, kwenye mkutano wa wenye matawi, nilikaa karibu na bwana mmoja mwenye tawi Fordsburg. Kwake hakuna nguruwe, na cheti cha halali kimetundikwa mlangoni. Nikamuuliza alifanyaje. Akanishangaa. "Niliwaambia kabla ya kusaini," akasema. "Wakakubali." Nikamfuata yule mama wa kampuni mbio. "Eish, Shabani," akaniambia, "kwa nini hukusema siku ile? Tungekuanzia hivyo. Sasa itabidi usubiri ukarabati wa tawi, ndipo jiko libadilishwe." Na ukarabati ulikuwa mbali.

Nikiwa bado nasubiri, Mzee Bakari akaanza kuumwa, watoto wake wakaamua kumrudisha Tanga. Nilikwenda kumuaga na pilau. Akafunua bakuli, akanusa, akauliza, "Imepikwa wapi hii?"

"Nyumbani, mzee. Mke wangu kapika."

"Haya, tule." Akala matonge machache, akapumzika. "Na kule kwako?"

"Bado, mzee."

"Basi nitasubiri," akasema.

Hakuwahi. Alifariki Tanga kabla mafundi hawajafika. Jiko jipya lilipowekwa na cheti kutundikwa, kuku wa kwanza nilimtoa mimi, nikampeleka meza ya dirishani, nikakaa naye pale. Papa Dieudonné akaja na taulo begani. "Patron, unangojea mutu?" Nikamwambia hapana. Mpaka leo nikipita karibu na meza ile naumia, na sioni aibu kukwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, siku watakapokusogezea kalamu, lile swali linalokukaba litoe, hata kama unaona una bahati kuitwa pale. Kushukuru hakukukatazi kuuliza. Mimi nilidhani nalinda nafasi yangu, kumbe hakuna aliyetaka kuninyang'anya. Na kabla hujaweka jina lako kwenye chochote, jiulize ni nani unayetaka aje akae mezani kwako, kisha uliza kwa niaba yake, maana yeye hatakuwepo chumbani kukuulizia.

Mungu akufungulie riziki pana, riziki ambayo waliokulea wanaweza kuitia mdomoni. Waje kwako wakiwa hai na wenye hamu ya chakula, wale, washibe, waombe kuongezewa. Amina.