Chumvi ya Manyule

Saa mbili asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Kisima ni nyumba isiyo na dari, mlango wake uko juu ya kichwa: ndani yumo mchimba visima, matope hadi magotini. Watu humwita Chura. Anachovya kidole majini, analamba, anatema.

"Chumvi!" anafoka. "Vuta kamba nitoke, kabla sijamtukana mtu!"

Anayevuta ni dada yake, mshona nguo, mwenye kiwanja. Aliuza cherehani mbili ili akipate.

"Ongeza futi kumi, kaka. Dalali aliyeniuzia kiwanja kasema maji matamu yako chini."

"Dalali kashuka humu lini? Na kitambi kile?"

Dada anacheka, halafu kicheko kinageuka kilio.

Hiki ni kisima cha tano Chura kuchimba bondeni humu, na vyote vimetoa chumvi. Lawama zote kwake. Wengine wanasema mkono wake una nuksi.

Barabarani kuna kibao kipya: Bonde la Asali. Asali, jamani! Wazee waliliita Manyule. Mtafiti wa lugha aliyekuja nyumbani kurekodi mazungumzo ya bibi yake Chura alilimenya jina hilo kama chungwa: *nyu*, mzizi wa kale wa chumvi, *le*, mzizi wa kitu kirefu. Chumvi ndefu. Ukizidi kushuka, nayo inashuka na wewe.

"Mimi nikaona ni mambo ya vitabu," anasema Chura, akikamua shati. "Dalali alikuwepo, anakunywa chai yetu. Yeye alielewa. Wiki ile ile kibao kikabadilishwa."

Gari linasimama. Dalali anashuka na wateja wawili, mume na mke.

"Chura! Maji tayari?"

"Tayari, bwana. Karibu uonje." Anamsogezea ndoo.

"Nimetoka kunywa chai."

"Chai tena? Onja kidogo tu, wageni wako wanakuangalia."

Dalali anatazama saa yake. Mke anachota kwa kiganja, anaonja, anakunja uso. "Baba watoto, twende zetu."

"Na mimi?" dada anamfokea dalali. "Mimi niende wapi?"

Dalali anaingia garini.

Dada ataanzia baraza la ardhi, na mtafiti amekubali kuja kutoa ushahidi. Chura naye ana lake. Jioni hii anakoroga saruji, azungushie midomo ya visima vyote vitano, na ikiwa bado mbichi aandike kwa msumari: MANYULE, CHUMVI NDEFU.

"Kibao cha bati alikibadilisha," anasema. "Na hii aje aing'oe kwa meno."