Fidèle Akataa Kunyooshwa

Mdogo wangu Fidèle hamwamini mtu. Ukimpa chai, anainusa kwanza. Hata mimi, Emérance, dada yake niliyembeba mgongoni tukivuka mpaka kutoka Butembo polio ikiwa imeshamkunja goti, ananichungulia! Lakini kifua chake, jamani, ni kifua kweli. Hapa Bwera anashona viatu, na jioni ananyanyua vyuma na walemavu wenzake, amelala chali kwenye benchi. Mwaka huu alitaka kitu kimoja tu: kuingia timu inayokwenda Kampala.

Kocha mpya, Blasio wa Kitswamba, akamwambia, "Uko na nguvu, lakini umekaza. Nitakunyoosha."

Loo! Kwetu mtu akisema atakunyoosha, fimbo iko karibu. Fidèle aliona mabaya zaidi. Akaja nyumbani anafoka, akiniita Yaya, yaani dada, kama kwetu.

"Yaya, huyu mutu anataka kunyoosha muguu yangu! Ikinyooka, bakubwa watasema nimepona. Mutu muzima haingie timu ya balemavu. Nafasi yangu atapatia mutu wake!"

"Si umuulize?"

"Mwizi anaulizwa?"

Blasio alimweleza mwenyewe kwamba ni mabega na viwiko, si mguu. Wapi! "Anaanza na mikono, atamalizia muguu," Fidèle akaninong'oneza. Wenzake wakijinyoosha kwenye mkeka, yeye anakaa pembeni amekumbatia goti. Aibu niliona mimi.

Siku ya mchujo nilimsindikiza Kasese. Akashusha chuma kifuani, akakituliza, akakisukuma, kikapanda! Nikapiga vigelegele ukumbi mzima ukageuka. Kumbe taa za waamuzi ni nyekundu: haikuhesabiwa. Akarudia, nyekundu. Mara ya tatu, ya mwisho, nyekundu.

"Wamehongwa!" Fidèle akapayuka. "Blasio amewapa kitu!" Nami damu ilinichemka, nikavua kiatu.

Mwamuzi mmoja, mama mpole, akaja akamwomba ainue mikono mitupu. Wa kulia ukanyooka. Wa kushoto, ule anaoshikia gongo la kutembelea, ukabaki umepinda kwenye kiwiko. Fidèle akausukuma kwa ule mwingine. Haukwenda.

"Nguvu unazo," mama akasema, "lakini mkono usiponyooka hatuhesabu. Kocha wako hakunyooshi?"

Blasio alikuwa amesimama hapo hapo. Fidèle akamtazama muda mrefu, kisha akanigeukia, machozi yanamtoka.

"Yaya, muguu niliilinda," akasema. "Mukono ndio imenitoa."