Usingizi wa Lyamba

Kidonda ndicho kilichomtia Theopista wivu. Lyamba, mumewe, alirudi nyumbani Kawajense kutoka porini alikokwenda kurina asali, akavua shati aoge, na pale begani palikuwa na uvimbe mwekundu. Akasema ni ndorobo, yule mbung'o wa porini, alimuuma akiwa juu ya mti, mikono yote imeshika mzinga. Theopista aliwajua ndorobo tangu utoto, na hakuwahi kuona aliyeacha alama kubwa namna ile. Alichokiona yeye ni meno ya mtu.

Mtu huyo alikuwa na jina. Marsela, mjane wa Kabungu, ndiye aliyewapikia warina asali walipopita, na uani kwake ndipo walipoacha baiskeli zao. Alikuwa mrefu na mcheshi. Lyamba aliwahi kuisifu mboga yake mbele ya mkewe, na Theopista aliliweka neno hilo moyoni.

Uvimbe ulipona wenyewe, homa ikaanza. Zahanati walimpa klorokwini, homa ikapoa, ikarudi. Kisha Lyamba akaanza kulala mchana. Alisinzia kwenye benchi la kanisa, alisinzia akila, tonge likiwa mkononi. Usiku hakulala, alifungua mlango akaenda zake, akarudi kukipambazuka bila maelezo. Theopista hakuhitaji kuelezwa. Mtu huyu mpole akaanza kufoka kwa mambo ya bure, na siku moja mkewe alipomuuliza jambo, alimtazama kama anayelitafuta jina lake. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alijiambia kuwa jina la mwingine limemjaa mdomoni.

Basi Lyamba alipoondoka tena na baiskeli yake, eti anakwenda kuangalia mizinga, Theopista aliomba lifti kwenye lori la mahindi akamfuata hadi Kabungu. Njia nzima aliyapanga maneno atakayomwambia yule mwanamke mbele ya majirani zake.

Alimkuta Lyamba amelala uani kwa Marsela, juu ya mkeka, jua la saa sita likiwaka. Marsela ameketi kando yake, anamfukuzia nzi kwa ncha ya khanga.

"Afadhali umekuja, mama Gaspar," Marsela alisema. "Nilikuwa natafuta mtu wa kumtuma kwako. Huyu kafika asubuhi, nikampa uji, kalala na kikombe mkononi. Hivi alikuwa na jipu la ndorobo, begani au shingoni?"

Theopista alimsimamia mbele. "Wewe bega la mume wangu umelionea wapi?"

"Sijaliona. Nauliza kwa sababu kaka yangu Makarius alikuwa nalo. Na yeye alianza hivihivi. Sisi tukasema ni pombe, tukamgombeza mpaka tukamzika."

Maneno yote ya njiani yalimkauka Theopista. Walimpakia Lyamba kwenye lori lililokuwa likienda mjini, wakisaidiana, mmoja miguuni, mwingine kichwani, bila kutazamana.

Hospitalini daktari Maximilian aliagiza damu ipimwe, na kwenye darubini wadudu wakaonekana. Ni malale, alisema, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na ndorobo. Lakini lazima wachote maji kidogo kwenye uti wa mgongo, wajue kama wadudu wamefika kwenye ubongo, maana dawa yake ni nyingine. Homa ya uti wa mgongo waliyoizoea watu, alimweleza Theopista, huja kwa haraka, na shingo hukakamaa. Malale huenda polepole zaidi, huanza kumgeuza mtu tabia. Nyumbani wanaona uvivu na hasira, hawaoni ugonjwa.

Theopista aliinamisha uso. Alikuwa amesikia kwamba sindano ya mgongo inapoozesha watu, na shemeji zake walikuwa wamekwisha kukataa. Lakini aliona kwamba akikataa na Lyamba akafa, Marsela ndiye atakayekuwa amesema kweli, na ndiye atakayekuwa na haki ya kumlilia. Akakubali.

Maji yalikuwa na wadudu. Dawa iliingizwa kwenye mshipa, ikamchoma Lyamba akalia kama mtoto, na wiki nyingi alikuwa hajitambui vizuri. Marsela alikuja mara kwa mara na chupa ya uji. Theopista aliipokea mlangoni, akashukuru, akampa mgonjwa wa kitanda cha pili. Kwa mumewe alipika uji mwenyewe, akamnywesha.

Siku Lyamba alipopata akili zake, aliuliza nani aliyegundua kwamba anaumwa.

"Mimi," Theopista alisema.

Marsela alipofika tena alimkuta Lyamba ameegemea mto, anawasimulia wagonjwa wenzake jinsi mkewe alivyoijua malale kabla ya daktari. Theopista alisimama kando ya kitanda, akisubiri kuumbuliwa.

Marsela aliweka chupa yake chini. "Kweli, baba Gaspar," alisema. "Mkeo ana macho."

Akawasalimu wagonjwa wengine, akatoka. Theopista alibaki amemkodolea macho mgongoni mpaka alipopita geti. Kama Marsela angemtukana, angalau angejua la kumjibu.