Masikio Mazima ya Ng'ombe wa Arash

Mchoraji alikufa Karatu wiki iliyopita, kwa homa ya siku nne, nami nimeiandika safu hii mara tatu nikaichana. Wasomaji wangu wa siku zote mnanijua: nikikasirika napiga kelele, halafu naomba radhi chini ya ukurasa. Leo sitaomba. Kama mmepita barabara ya Karatu mnaijua kazi yake, maana simba na tembo walioko kwenye kuta za hoteli na maduka pale karibu wote ni wake. Watalii waliwapiga picha wakielekea kreta. Lakini bwana yule alizaliwa Arash, kijiji cha wafugaji, akachunga mpaka ndevu zikaota, na kwenye kuta zote hizo hakuchora ng'ombe hata mmoja. Watu walidhani ni maringo. Mimi nilijua sababu, nikanyamaza.

Miaka ile ya kisomo cha watu wazima nilikuwa mwalimu kijana mwenye kiherehere. Niliandika kijitabu, cha kwanza maishani mwangu, kuhusu mjane aliyeibiwa ng'ombe, akamkuta katika boma la mwizi na kumtambua kwa namna sikio lilivyokatwa. Aliyetoka kwa wafugaji hahitaji kuelezwa: kila ukoo una mkato wake, na mkato huo ndio cheti cha mnyama. Nikampa bwana yule achore. Alipomaliza alizipeleka picha Arash kwa bibi yake, mama mzee asiyejua a wala be. Bibi akaweka kidole juu ya kundi la mwizi. "Hawa ni wa jirani zetu wa ng'ambo ya mto," akasema. "Siku hizi wamekuwa wezi?" Kumbe jamaa, mkono ukijiendea wenyewe, alikuwa amewapa ng'ombe wa mwizi mkato wa watu waliopo, wazima, wanaoheshimiwa! Kingetoka hivyo, wazee wangeitana kikao. Akarudi Karatu, akachora picha zote upya, na safari hii mwizi akampa mkato usio wa mtu yeyote, baada ya kuulizia kwa wazee mmoja mmoja. Ilimchukua miezi mitatu. Mimi nilimnunia kwa kunichelewesha.

Picha zikaenda mjini, kwa mhariri ambaye sidhani kama aliwahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe. Kurasa ziliporudi kwangu nizikague kabla ya kuchapwa, masikio yote yalikuwa mazima, laini, ya mviringo. "Yale yalionekana kama yametafunwa na panya," aliniandikia, "tumeyatengeneza." Wameyatengeneza! Mjane anatambua sikio, na sikio lenyewe halina kitu! Mchoraji alikuja nyumbani kwangu amekunja uso. "Mwalimu, warudishie. Wakikataa, waambie watoe jina langu." Nikamjibu nini? Nikamwambia, "Tulia ndugu yangu, kwanza kitoke, jina lako litajulikana." Nilitaka kitabu changu kitoke, basi, hakuna kingine. Nikatia sahihi.

Kikatoka, na jina lake likajulikana kweli. Darasani Arash watu wazima walicheka mpaka wakashika mbavu: mtoto wa hapa kakaa Karatu na watalii mpaka kasahau ng'ombe anafananaje. Kwa watu wale sijui tusi baya kuliko hilo. Hakurudi tena kuwaonyesha picha, na kila mhariri aliyemwomba kazi baada ya hapo alimkatalia. Leo tunajazana kwenye semina, tunakunywa chai, tunaulizana kwa nini wachoraji wetu hawakui. Watakuaje, jamani? Mtu anakosolewa na bibi anayejua, anameza uchungu, anarudia kazi, anakua. Halafu anakuja asiyejua anafuta kile alichojifunza, na mwandishi, rafiki yake, anaitikia ndiyo mzee. Inanichefua, na aliyenichefua zaidi namwona kila ninapojitazama kwenye kioo.

Makaburini kaka yake alisimama kusoma wasifu. Alimpenda. Alisema marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu, na aliwahi hata kuchora kitabu, "ingawa ng'ombe, ndugu zangu, tuseme kweli, walimshinda." Waombolezaji wakacheka, kwa upendo tu. Nami nilikaa kimya kwenye benchi na mvi zangu, kwa mara ya pili. Wewe mwandishi kijana unayenisoma, siku ukiletewa kurasa za kukagua, mwite mchoraji wako mkae pamoja, na akisema hapana iwe hapana, hata kama kitabu kitakufa. Na ninyi wa Arash, sikilizeni: ng'ombe wenu aliwachora sawasawa, mkato kwa mkato. Mikato ilifutwa kwa sahihi yangu, na yeye amezikwa na aibu ambayo ni yangu.