Partir, Neno la Kukatia Mihogo

Mama alizaliwa upande wa Msumbiji. Alikuja huku ziwani akikimbia vita, akaolewa na baba. Nyumbani tulisema Kinyasa. Kireno alibaki nacho kidogo, cha shule ya misheni. Akikata miti ya mihogo vipande vya kupandia, alisema, "Partir." Akimega ugali kunipa, "Partir." Nilidhani ni neno la panga na mikono tu.

Miaka ile maduka yalianza tena kuwa na sabuni, na mitumba ikafika hadi kijijini kwetu. Baba alikuwa amekwisha kufa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikiishi na mama na bibi mzaa baba, ambaye macho yake yalikuwa yanafifia. Habari ikaja kwamba vita vya Msumbiji vimekwisha. Mama akasema atarudi kwao kabla ya mvua.

"Unakuja?" aliniuliza.

Maneno kwangu huja polepole, hata ya kuandika.

"Mchukue," bibi alisema. "Huyu hata kuku anamfukuza kwa kunong'ona. Atanifaa nini?"

"Nani atakuongoza kisimani, mama?" mama alimwuliza mkwewe.

"Njia inanijua."

Wakacheka, kisha wakanigeukia.

Siku moja kabla ya safari mama alikata miti ya mihogo shambani kwetu, akapande kwao. Alirundika vipande uani, akanipa kamba za magome nivifunge mzigo mmoja, akaenda ziwani kuoga. Nilikaa navyo muda mrefu. Nikafunga matita mawili, moja la kwenda, moja la kubaki.

Aliporudi aliyatazama. Alikaa chini, akafungua tita la kwenda, akatoa vipande vinene akavichomeka kwenye lile la kubaki. "Partir," alisema. Asubuhi, kabla hajapanda mashua, alilisema tena, na safari hii hakuwa na panga mkononi.

Jumapili nyingi zilipita kabla sijathubutu kumwuliza padre wetu, aliyesoma Roma.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba. Kumbe una sauti."

Akanieleza kwamba neno la mama limetoka kwenye Kilatini, kwenye neno lenye maana ya fungu. Mwanzo lilikuwa kugawa. Baadaye watu wakasema mtu amejigawa na wenzake, yaani amejitenga nao, na hivyo likawa kuondoka. Waitaliano na Wafaransa siku hizi wanalitumia zaidi kwa safari. Wareno na Wahispania bado wanagawa nalo, na wanaondoka nalo.

Nilimsimulia bibi hayo tukienda shambani, nimemshika mkono. Alipofika aliinama, akapapasa mche mmoja wa lile tita la kubaki mpaka akapata jani.

"Imeshika?"

"Imeshika, bibi."

"Basi na ya kwao mama yako itakuwa imeshika."

Akanyoosha mkono kuomba jembe.