Nyuki wa Baba Hawajaambiwa

Pavla Bizjak alifika umri wa miaka sitini na nne bila kukanyaga Ljubljana, mji mkuu wa nchi yao, na wala hakuona amepungukiwa na kitu. Alikuwa na ng'ombe wake, mlima wake na baba yake, mzee Andrej, mfuga nyuki. Mji mkuu ulikuwa wa kaka yake, Lojze, aliyehamia huko ujanani akawa anarudi kila Krismasi na viatu vipya.

Mzee alizikwa Jumamosi, na Lojze hakuja mazikoni. Alipopigiwa simu alisema, "Sawa," akakata. Hilo Pavla angelimeza. Lisilomezeka ni la mizinga. Kwao, mfuga nyuki akifa, mwanawe mkubwa huenda akagonga kila mzinga, akawaambia nyuki kwamba bwana wao amefariki na sasa wana yeye. Wasipoambiwa, humfuata marehemu. Jumanne mzinga mmoja ulinyamaza kimya. Jumatano asubuhi Pavla akapanda basi.

Lojze alimpokea stendi kwa furaha iliyopita kiasi.

"Mdogo wangu! Leo utauona mji. Taratibu, bila haraka."

"Haraka ninayo. Basi la kurudi ni la saa kumi na moja, na nimekuja kukuchukua."

"Kwanza kahawa."

Wakakaa kando ya mto, pale watu wanapoweza kukalia kikombe kimoja mpaka kipoe, na hakuna anayewafukuza. Lojze akamwonyesha madaraja matatu yaliyobanana pamoja.

"Matatu ya nini?" Pavla akauliza. "Mto wenyewe huu! Kijijini tungeweka ubao, yakaisha."

Lojze akacheka mpaka meza ya jirani ikageuka.

"Nyuki, kaka."

"Twende sokoni, usije ukasema sikukutembeza."

Sokoni muuza asali alimpa Lojze kijiko aonje, asali nyeusi ya misonobari. Akafumba macho. Kisha akakirudisha kijiko kama kimemchoma, akaondoka mbio mbio hata Pavla akalazimika kumkimbilia kati ya vikapu vya kabichi.

Wakapanda mpaka ngomeni juu. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Lojze akanyoosha mkono kuelekea milimani.

"Kwetu ni nyuma ya ule."

"Najua kwetu ni wapi, nimetoka huko asubuhi. Wewe umekuwa mgeni wa mji wako mwenyewe, kila jiwe unalitazama ili usinitazame mimi. Mzinga mmoja umekwisha, Lojze! Unangoja mingapi?"

Lojze akageuka, akatangulia kuteremka. Stendi, basi lilikuwa limeshawashwa.

"Kawaambie wewe," Lojze akasema. "Wanakujua."

"Mimi nakamua ng'ombe. Nyuki ni wako. Au viatu vya mjini haviingii kwenye nyasi?"

"Si viatu." Aliitazama lami. "Nikigonga ule mzinga nitakuwa nimelisema, Pavla. Sijalisema bado. Hata Breda sijamwambia. Mke wangu anadhani nina mafua."

Pavla alikuwa na maneno makali tayari mdomoni, ya safari nzima. Yakamkauka. Akaweka kikapu chini, akasimama mbele ya kaka yake, mikono imelala ubavuni.

"Basi anza na mimi. Nigonge."

"Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Gonga."

Lojze akainua kidole, akamgonga begani, kidogo tu, jinsi mzee Andrej alivyowafundisha wote wawili.

"Baba amekufa," akasema. Sauti ilikatika katikati, akairudia yote. "Baba amekufa. Sasa mna mimi."

Dereva akachungulia mlangoni. "Mama, kama mnaagana, aganeni! Mimi naondoka."

"Hatuagani," Pavla akasema, akiokota kikapu. "Tunapanda wawili."

Lojze akapanda na koti lake la mjini, bila mfuko wala mswaki. Basi lilipokata kona akatoa simu.

"Breda," akasema, "kaa chini kwanza. Mafua sina."