Yunisi na Ngozi ya Ng'ombe wa Rubeni

Neno kutunza limechakaa. Ukishuka Tunduma leo unalikuta kila mahali: tunza mazingira, tunza risiti yako, tunza tiketi mpaka mwisho wa safari. Mimi niliishia darasa la nne, mengine nimejisomea, na kamusi niliyo nayo inalieleza neno hilo kwa mstari mmoja na nusu. Sina ugomvi na kamusi. Ila aliyenifanya nilielewe hajawahi kushika kamusi. Ni jirani yangu hapa Isansa, mjane aitwaye Yunisi, na nitaeleza alichofanya mwaka jana mvua zilipokuwa zinakatika.

Zamani kwetu mwenye ng'ombe wengi hakuwarundika wote kwenye zizi lake. Aliwagawa kwa watu aliowaamini. Hapakuwa na karatasi. Alimleta ng'ombe kwa kamba, akamkabidhi mwenzake mbele ya mkewe, akasema, "Nitunzie." Maziwa yalikuwa ya mtunzaji, samadi ilikwenda kwenye kahawa yake, na kila ndama wa tatu alikuwa wake. Ng'ombe akifa, mtunzaji alimpelekea mwenye mali ngozi, ikiwa na masikio na mkia, akaitandika mbele yake. Mwenye mali aliinama, akaishika, akasema, "Nimeona." Hapo mtunzaji alikuwa huru. Kabla ya hapo alihesabika kuwa bado ana ng'ombe wa mtu, na ng'ombe hayupo.

Rubeni alimkabidhi mume wa Yunisi jike mmoja miaka ishirini na mitatu iliyopita. Mume akafariki, Rubeni naye akafariki, Yunisi akaendelea. Hakuna aliyemwambia aendelee, wala aliyemwambia aache. Kila ndama aliyeangukia fungu la Rubeni alimkata sikio la kushoto mikato miwili, alama ya Rubeni, hata miaka ile ambayo hakuna mtu wa ukoo huo aliyekanyaga Isansa.

Mwaka jana kwenye zizi la Yunisi walikuwa wamebaki watatu, wote wa Rubeni. Mmoja alianza kuvimba tumbo Jumamosi, na Jumapili watu wakiwa kanisani akafa. Bwana mifugo alipompasua alitoa bonge la nyuzi za viroba, kubwa kama kichwa cha mtoto. Ndiyo malisho yetu ya siku hizi. Akaagiza nyama ifukiwe. Waliokuja na mabeseni wakarudi nayo matupu, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kusikika, "Ng'ombe si wake, uchungu wote huo wa nini?"

Yunisi alitoa simu yake. Alimpigia simu Shadrack, mtoto pekee wa Rubeni, ambaye ni wakala wa forodha Tunduma. Aliweka sauti ya juu ili na mimi nisikie.

"Pole, mama," Shadrack alisema. "Nipigie picha basi, unirushie."

"Simu yangu ya tochi, baba. Nitakuletea ngozi."

"Ngozi ya nini tena? Hakuna shida, mama. Tupa tu."

Simu ikakatika. Yunisi akanigeukia. "Amesema hakuna shida," akaniambia. "Hajasema ameona."

Nilimwambia kijana yule amekulia mjini, hajui mambo haya, na baba yake hakupata muda wa kumfundisha.

"Basi atajua," akasema, akaenda kutafuta chumvi ya kupaka ngozi.

Alhamisi nilimsindikiza nikiwa shahidi. Ngozi ilikuwa imekunjwa ndani ya kiroba. Kondakta alinusa, akasema mzigo huo upande juu kwenye keria.

"Basi na mimi nipandishe hukohuko," Yunisi akamwambia, "maana siachani nao."

"Bibi, juu hakuna kiti."

"Nitakalia ngozi."

Abiria walicheka. Kondakta akasogeza ndoo ya mtu, kiroba kikakaa miguuni pa Yunisi mpaka Tunduma.

Ofisi ya Shadrack ni chumba kimoja nyuma ya foleni ya malori. Meza ya kwanza ni yake, ya pili ya msichana mwandishi wake, Brenda. Kwenye benchi alikuwapo dereva mtu mzima wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aitwaye Lusungu, akisubiri karatasi za lori lake. Shadrack alituamkia vizuri, hilo sitamnyima. Kisha akafungua droo, akatoa noti.

"Nauli hiyo, mama. Na soda."

"Sijaja kuomba, baba. Nimekuja kurudisha."

Akafungua kiroba, akaitandika ngozi sakafuni, kichwa kikielekea kwa Shadrack. Brenda akaziba pua kwa kitenge.

"Mama, jamani, hapa ofisini," Shadrack akasema.

"Ningekukuta nyumbani ningeitandika nyumbani."

Lusungu alikuwa ameanza kucheka. Halafu akaacha, akavua kofia. "Bosi," akasema, "kwetu ng'ambo ukiletewa hivi unanyanyuka."

"Lusungu, si wewe uliyekuwa unalalamika karatasi zinachelewa?"

"Zichelewe. Mama mzima amekuja na ngozi begani, wewe umekaa kama mkuu wa kituo. Nyanyuka, bwana."

Shadrack akanyanyuka, akazunguka meza, akachuchumaa. Hakujua aweke mkono wapi. Yunisi akaushika mkono wake, akauweka kwenye sikio la kushoto.

"Hii mikato ni nini?"

"Alama ya baba yako. Kila ng'ombe wake anayo."

"Huyu alikatwa na nani?"

"Na mimi."

"Lakini baba alikuwa ameshafariki."

"Ndiyo."

Nje lori lilipiga honi. Yunisi akasema yale aliyotakiwa kusema. "Alivimba Jumamosi jioni. Nilimnywesha mafuta ya kupikia, nikamtembeza mpaka miguu ikamshinda. Hakupona. Nyama imefukiwa, bwana mifugo ameshuhudia, na mzee huyu ameshuhudia. Umeona?"

Shadrack hakutoa mkono kwenye sikio. "Nimeona, mama," akasema.

Ndipo Yunisi akakaa kwenye benchi na kukubali soda. Nilifurahi, jambo ambalo halinitokei mara nyingi siku hizi. Nikadhani tumemaliza.

"Wamebaki wangapi?" Shadrack akauliza. Sauti yake ilikuwa imelainika kweli.

"Wawili."

"Mama, umehangaika miaka yote hii na sisi hata kuja hatuji. Inatosha. Nitawauza, nikupunguzie mzigo."

Nilimtazama Yunisi. Angeweza kusema si mzigo. Angeweza kusema maziwa yale ndiyo chai yake, na samadi ile ndiyo kahawa yake. Aliiweka chupa chini.

"Ng'ombe ni wako," akasema.

Njiani nilimlaumu Shadrack kwa maneno ambayo sitayaandika. Kijana alijifunza maana ya kutunza kwa dakika kumi, na ya kumi na moja akaimaliza. Yunisi alinisikiliza mpaka Vwawa.

"Amesema ameona," akanijibu. "Nilichokifuata nimekipata. Mengine ni yake."

Jumanne iliyofuata mnunuzi aitwaye Mika alikuja na Canter. Yunisi alikuwa ameamka mapema, amewatoa kupe wale ng'ombe wawili na kuwasugua miguu matope yakatoka, kana kwamba wanakwenda harusini. Mika alipokuwa akifunga kamba, Yunisi alianza kumweleza tabia zao.

"Bibi," Mika akamkatiza, "hawa wanakwenda machinjioni. Kesho asubuhi."

"Nimesikia. Leo watakunywa maji?"

"Watakunywa."

"Basi ndoo isinuke sabuni. Huyu mwekundu akinusa sabuni hanywi, atalala na kiu."

Mika aliniangalia mimi, kisha akamwangalia yeye. Akaacha kamba.

"Na huyu mweusi?" akauliza.

"Huyo mshushe wa kwanza," Yunisi akasema. "Akibaki nyuma peke yake anaogopa."